Panga Safari ya Visiwani kwa Mwezi na Maji

Familia nyingi zinazopanga likizo ya visiwani huanza na hoteli. Zinatazama picha, zinauliza bei, zinalipa, kisha zikifika ndipo zinapouliza bahari iko wapi. Atakayefika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi siku ya bamvu, yaani siku ya maji makubwa, ataikuta bahari imeondoka. Mbele yake kuna mchanga, vidimbwi, vigingi vya mashamba ya mwani na mashua zilizolala ubavu, na mstari mweupe wa mawimbi unaonekana mbali kule kwenye mwamba, kilomita nzima au zaidi. Watoto wameshavaa nguo za kuogelea na hawataki kungoja. Baba anasema, "Twendeni tuyafuate maji huko huko." Hatari ya matembezi hayo ilipangwa tangu siku tarehe za safari zilipochaguliwa bila mtu kutazama mwezi.

Nazungumza na familia inayotaka kuona zaidi ya kisiwa kimoja, Unguja na Pemba, au Unguja na Mafia, ikiwa na watoto, na ikiwa na mtu mmoja au zaidi asiyejua kuogelea. Familia zetu nyingi ndizo hizo, hata zile za pwani. Kuna watu waliozeeka wakiitazama bahari kila siku na hawajawahi kuelea ndani yake. Ushauri wangu ni huu: tarehe zipangwe kwa mwezi na upepo, ufuko uchaguliwe kwa kumfikiria yule asiyejua kuogelea kabisa, na hoteli itafutwe mwisho.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa bamvu: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini Unguja hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu: hupanda kidogo na kushuka kidogo. Wageni wengi wanalifahamu hilo. Wasilolifahamu, na ambalo kila mvuvi analo kichwani, ni kwamba saa nazo zinafuata mwezi. Siku za bamvu, Unguja maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Mombasa na Dar es Salaam hazipishani sana na hapo.

Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali la bahari nyumbani kwake. Kwa makisio mazuri, tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvu. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Jedwali kamili lenye dakika na mita linapatikana kwenye intaneti. Tafuta la Zanzibar, lisome pamoja na wenzako kabla ya kulipa chochote, na kumbuka kwamba 16:00 ya jedwali ndiyo saa kumi yetu.

Tazama jinsi jambo hili linavyogusa sikukuu. Idi ndogo ni tarehe mosi Shawwal, kwa hiyo kila mwaka inaangukia bamvu. Idi mosi alasiri, watu wakishakula pilau na kupumzika, ndipo familia zinapomiminika pwani, na hiyo ndiyo saa ambayo maji yako juu kabisa. Jua likikaribia kuzama maji yanaanza kutoka, na yanatoka kwa nguvu. Siku ambayo fukwe zina watoto wengi kuliko siku zote ndiyo siku ambayo bahari ina kina kikubwa kuliko kawaida. Idi kubwa, tarehe 10 Dhul-Hijja, iko jirani na maji mafu: maji hayajai sana, na yanajaa kabla ya adhuhuri, mchana kweupe, watu wazima wakiwa bado hawajachoka. Mwenye watoto wadogo na uhuru wa kuchagua, mimi namwambia aende Idi kubwa kama upepo umekubali. Krismasi na likizo za shule hazifuati mwezi, kwa hiyo kila mwaka jedwali litazamwe upya.

Kitu kingine cha kukielewa ni mwendo wa maji yenyewe, maana hayaingii kwa kasi moja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita. Saa ya kwanza yanaingia kidogo, hata mtu asione tofauti. Saa ya tatu na ya nne huingia karibu nusu ya maji yote. Siku ya bamvu yenye tofauti ya mita 4, saa hizo mbili peke yake zinapandisha bahari mita 2, na hicho ni kimo cha kumfunika mtu mzima aliyesimama. Tena pwani ya mashariki ya Unguja haiko sawa kama sakafu. Kati ya kijiji na mwamba kuna mabonde, na hayo ndiyo yanayojaa kwanza. Mtu aliyesimama kwenye mchanga ulioinuka akipiga picha huona miguu yake mikavu na kudhani ana muda, kumbe nyuma yake, kati yake na nyumba, maji yameshafika kiunoni.

Walimu wazuri wa hapo ni kina mama wa mwani. Kwenye maji ya kupwa utawaona wameinama kati ya vigingi, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba au wakivuna na kujaza magunia. Hawatazami saa. Maji yakianza kuzunguka vifundo vya miguu yao wanainuka, wanakaza kanga kiunoni, wanabeba magunia kichwani na kuanza kurudi, wakiongea bila haraka kwa sababu wameondoka mapema. Ukiwaona wanarudi, nawe rudi. Ukitaka kutembea hadi karibu na mwamba, toka nyumbani saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, mchukue kijana wa kijijini anayejua njia, vaa viatu vya mpira, na geuza uso pwani kabla saa ya kupwa haijapita. Watoto wadogo waishie kwenye vidimbwi vya karibu. Vina kaa, nyota za baharini na samaki wadogo wa kutosha kuwashughulisha asubuhi nzima.

Ukishajua hayo, fukwe za Unguja zinajipanga zenyewe. Paje, Jambiani, Bwejuu, Kiwengwa na Matemwe ziko nyuma ya mwamba, na mwamba huo unavunja mawimbi makubwa. Siku za maji mafu mahali hapo ni pazuri mno kwa watoto, kwa sababu maji hayatoki yote wala hayawi marefu sana. Mtoto anaweza kucheza kwenye maji ya magotini karibu kutwa. Siku za bamvu, asubuhi yote hadi baada ya adhuhuri hakuna pa kuogelea, na alasiri panakuwa na kina. Nungwi na Kendwa, kaskazini kabisa, hali ni nyingine. Huko maji hayaendi mbali, unaweza kuogelea saa yoyote, na ndiyo maana bei zake ziko juu. Zinafaa zaidi siku za bamvu, wakati walio mashariki wanangojea bahari irudi.

Basi kama safari yako ina wiki moja na zaidi Unguja, gawa siku hizo kwa mwezi: za bamvu kaa kaskazini, za maji mafu hamia mashariki. Watu hufanya kinyume kwa kutojua, kisha wanasema kisiwa hakina bahari. Ila usidanganyike kwamba Nungwi haina hatari yake. Ufuko unashuka upesi, hatua chache tu mtoto hana tena pa kusimama, na kwenye rasi yenyewe mkondo una nguvu. Halafu kuna matembezi ya kutoka Nungwi kwenda Kendwa kwa njia ya ufukweni, ambayo yanawezekana maji yakiwa yamekupwa tu. Maji ya bamvu yanapojaa, sehemu za njia hiyo zinamezwa hadi kwenye majabali na kuta za hoteli. Aliyekwenda kwa miguu arudi kwa gari, asijaribu kuzunguka majabali ndani ya maji akiwa na mtoto mgongoni.

Upepo nao una kalenda yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huanza kama Mei na kuendelea hadi Septemba, na nguvu yake hasa ni Juni, Julai na Agosti. Wakati wa kusi pwani ya mashariki na kusini hupigwa sana, na Paje hujaa wachezaji wa kaiti. Kamba za kaiti zina mwendo mkali na zinakata, kwa hiyo muulize mwenyeji ni sehemu gani ya ufuko wanayorukia, ukaogelee mbali nayo. Wakati wa kaskazi, ni Nungwi inayochafuka zaidi. Miezi ya maleleji, upepo unapogeuka, ndiyo yenye bahari shwari, hasa Oktoba, Novemba na mwanzo wa Machi, kabla masika haijashika. Familia isiyobanwa na likizo za shule isafiri wakati huo. Wanaobanwa na likizo ya Juni wachague upande wa magharibi na kaskazini-magharibi, waache mashariki kwa ajili ya kutembea na kula pweza.

Sasa visiwa vingine. Maoni yangu ni kwamba visiwa vitatu ndani ya siku kumi ni vingi mno, na haraka ndiyo inayowapandisha watu boti siku isiyofaa. Chagua viwili. Kutoka Unguja kwenda Pemba kuna boti za kwenda Mkoani, ingawa si za kila siku, na kuna ndege hadi uwanja ulio jirani na Chake Chake. Mafia haiko njia moja na hivyo viwili. Kwa kawaida unarudi Dar es Salaam na kupanda ndege ya kama nusu saa hadi Kilindoni, au unakwenda kwa gari hadi Nyamisati, Kibiti, ukavuke kwa maji.

Pemba ina watalii wachache, na fukwe zake ni tupu. Kwa macho ni raha. Kwa usalama maana yake ni kwamba ukipatwa na jambo hakuna jirani. Kule Ras Kigomasha una bahati ya kuwa na pande mbili: Vumawimbi upande wa mashariki na Panga ya Watoro upande wa magharibi, zote kwenye rasi moja. Asubuhi tazama upepo unatokea wapi, kisha nenda upande wa pili. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, ni hifadhi yenye matumbawe ambayo sijaona mfano wake karibu na ufuko, lakini mwamba wake unashuka ghafla kuelekea kwenye Mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya mita. Mtoto acheze kwenye ufuko wa mchanga, na anayetaka kuona matumbawe kwa miwani na mrija avae jaketi la kuelea na awe na mwenzake, hata kama ni muogeleaji.

Mafia ina hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, iliyoanzishwa 1995, na ukienda Utende unalipa kiingilio kwenye geti lake. Ghuba ya Chole ni tulivu, lakini ufuko wa Utende unafuata maji kama Jambiani, na Mlango wa Kinasi, ambako ghuba inakutana na bahari kuu, una mkondo mkali maji yanapoingia na kutoka. Watu wengi wanakwenda Mafia kwa ajili ya papa potwe, anayeonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Huyu hali watu. Anakula viumbe vidogo vinavyoelea. Hatari iko kwenye bahari yenyewe, kwa sababu unarukia maji marefu kutoka kwenye boti, samaki anasogea, unamfuata, na ukiinua kichwa boti iko mbali. Asiyejua kuogelea abaki ndani ya boti. Papa potwe hujilisha juu ya maji, hivyo mara nyingi utamwona vizuri bila kulowa hata kiatu.

Kuna kitu kinaitwa mlango wa mwamba, na kila mzazi anapaswa kukijua hata asipokwenda popote kwa boti. Maji yote yaliyoingia nyuma ya mwamba lazima yatoke, na yanatokea kwenye nafasi chache zilizokatika. Maji yanapokupwa, nafasi hizo huwa na mkondo wa kwenda nje ambao hata muogeleaji hodari haushindi. Utautambua kwa juu: mawimbi yanavunjika kushoto na kulia, lakini katikati maji ni laini na yana rangi nzito zaidi. Hapo panapoonekana shwari ndipo pabaya. Ukichukuliwa, usipigane nao. Lala chali, elea, vuta pumzi, inua mkono mmoja kuita, na kama una nguvu ogelea kando, sambamba na pwani, hadi utoke kwenye mkondo. Wanaokufa hapo wengi ni waliochoka kwa kushindana na maji. Muulize mvuvi mlango uko wapi siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua mabegi.

Siku za maji mafu ndizo za kwenda Mnemba kuangalia matumbawe, kwa kuwa mkondo kati ya kisiwa hicho na Unguja unakuwa umepoa na maji yanakuwa safi zaidi. Mafungu ya mchanga, kama lile la Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe, yana hesabu yake: maji yakijaa yanafunikwa. Boti iliyowapeleka ibaki pale imetia nanga muda wote, isiende kuchukua wengine. Kuhusu pomboo wa Kizimkazi, mimi sikubaliani na mtindo wa kuwakimbiza kwa boti nyingi na kuwarusha wageni majini mbele yao. Ni adha kwa pomboo, na mtoto anayeanguka kati ya mapangaboi ya boti tano yuko mahali pabaya kuliko popote nilipopataja.

Kabla ya kupanda boti yoyote ya matembezi, muulize nahodha maswali machache. Jaketi ziko ngapi, na za watoto ziko ngapi? Nani atakuwa majini pamoja nasi? Nani atabaki kwenye boti kutuangalia? Ngazi ya kupandia iko wapi? Injini itazimwa tukiwa majini? Nahodha mzuri hachukii maswali haya. Anayechukia umeshapata jibu lake. Kisha lijaribu jaketi hapo hapo mchangani. Mvalishe mtoto, funga vifungo vyote, mwambie ainue mikono juu, shika jaketi mabegani na ulivute. Likipanda hadi masikioni ni kubwa. Majini litapanda hivyo hivyo, na yeye atabaki chini yake. Jaketi la mtu mzima lililokazwa kwa kamba mwilini mwa mtoto wa miaka sita halimfai. Maboya ya plastiki ya kuchezea, yale ya umbo la bata na samaki, yaishie bwawani; baharini upepo unayasukuma nje haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea.

Mavazi yana uzito wake. Wanawake wengi wetu huingia baharini na dira, kanga au baibui, na ni haki yao kujisitiri. Ila kitambaa kipana kikilowa kinavuta chini na kujisokota miguuni. Suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu na kilemba kilichofungwa vizuri vinasitiri bila kumzuia mtu kupiga miguu. Kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi marefu ya kuogelea yaliyoshonwa kwa heshima ya dini na mila, na mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha 2016 wakiwa wanajifunza kuelea. Ukizitazama picha hizo unaona kwamba stara na usalama vinakaa pamoja. Kama safari yako iko miezi mitatu mbele, tumia miezi hiyo kumfundisha kila mmoja nyumbani kuelea chali kwenye bwawa, akiwa ametulia, kwa dakika moja. Kuogelea kwa mitindo kutakuja baadaye.

Bwawa la hoteli nalo ni maji. Familia ikifika imechoka, watu wazima wako mapokezi wanajaza fomu, mtoto wa miaka mitatu anafuata maji anayoyaona yanametameta. Kabla hujapokea ufunguo, tazama kama bwawa lina uzio, na kama halina, mshike mkono.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa, na methali ina maana yake, lakini ufukweni usiitegemee. Mtoto anayezama mara nyingi hatapitapi wala haiti. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unachomoza na kuzama, mikono inasukuma maji chini badala ya kupunga, na mambo yanaweza kuisha kabla ya dakika moja. Aliye karibu naye anadhani anacheza. Ndiyo maana nasisitiza zamu: mtu mzima mmoja, kwa jina, anaangalia watoto kwa nusu saa bila simu na bila mazungumzo, kisha anamkabidhi mwingine kwa kumwambia waziwazi. Watu wazima kumi waliokaa chini ya mwavuli, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia, ni sawa na hakuna mtu. Wadogo wawe umbali wa kushikwa mkono. Fukwe zetu nyingi hazina waokoaji, na palipo na askari wa hoteli, kazi yake ni kulinda mali.

Beba dumu tupu la lita 5 au 10 lililofungwa kizibo vizuri, lenye kamba ndefu kwenye mpini. Halina bei, na linatosha kumweka mtu mzima kichwa chake kikiwa juu ya maji. Anayezama mtupie dumu, usimfuate mikono mitupu, kwa sababu atakushika shingo na mtazama wote. Ukimtoa na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo kutafuta maji. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi kwanza, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka na kwa nguvu, pumzi 2, tena 30, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Aliyezinduka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema yuko sawa, maana mapafu yanaweza kugoma saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo ujue mapema hospitali iliko: Unguja ni Mnazi Mmoja mjini, Kivunge kwa walio kaskazini na Makunduchi kwa walio kusini, Pemba ni Abdulla Mzee pale Mkoani, au Chake Chake na Wete, Mafia ni Kilindoni. Namba ya dharura ni 112, na huko Zanzibar Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) ndicho chenye boti za uokoaji. Weka pia namba ya dereva anayelala karibu na hoteli yako, kwa sababu usiku wa manane yeye ndiye atakayefika kwanza.

Mengine ni mepesi. Yavuyavu akikuwasha, toka majini, suuza kwa maji ya bahari, usisugue mchanga. Wale viumbe weusi wenye miiba kama sindano wanaepukwa kwa viatu. Mvua kubwa ikinyesha, usiogelee karibu na mji wala kwenye midomo ya mifereji kwa siku mbili tatu. Giza likiingia, bahari iachwe.

Limebaki suala la kuvuka kati ya kisiwa na kisiwa. Mv Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Mv Skagit ilizama jirani na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kusi likiwa limepamba moto, ikitoka Dar es Salaam. Familia zetu bado zina majina ya watu waliokuwa humo. Panda chombo kilichosajiliwa, kata tiketi kwenye ofisi yake, hakikisha jina la kila mtoto limeandikwa, na ukiona watu wamesimama hadi kwenye ngazi, shuka hata kama umeshalipa. Chagua safari ya asubuhi, kabla upepo haujapanda.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa siku kadhaa mbele. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia tarehe 4 Mei 2024, safari za majini zilikuwa zimesitishwa, na waliotii walikaa nchi kavu. Tatizo huwa kwa yule ambaye ndege yake ya kurudi kazini ni kesho. Huyo ndiye anayekwenda gatini kutafuta mwenye mashua atakayekubali kumvusha. Kwa hiyo ratiba iwe na siku moja tupu mwishoni, na hela yake ya kulala iwe imetengwa tangu mwanzo: ukitoka Pemba au Mafia, fika Unguja au Dar es Salaam siku moja kabla ya safari ya kurudi nyumbani. Boti ikiahirishwa, unalala tena palepale ulipo, unamwandikia mkuu wako wa kazi, na unangoja bahari itulie.